Mchi wa Bibi na Mkanda wa Sandukuni

Boksi lilifika nyumbani kwangu Kibaha asubuhi. Ndani mlikuwa na ile albamu ya roki ya bendi ya Baba, imetolewa upya kwa mbwembwe zote: santuri mbili, kitabu cha picha, na flashi kwa ajili yetu tusio na gramafoni. Juu wameandika kwa wino mwekundu kwamba kuna wimbo ambao haujawahi kusikika. Kijana wa kampuni akanipigia simu, furaha tele. "Mama, tumeusafisha. Kelele zote zimetoka!"

Kelele zipi, jamani? Rafiki yangu, kelele hizo alikuwa bibi yangu.

Likizo zote za utoto wangu nilizimalizia kwa bibi mzaa baba, kijijini Msimbu, kule Kisarawe. Nyumba ilinukia korosho za kuchoma na moshi wa kuni. Asubuhi tunafagia uwanja, mchana tunachuma kisamvu, jioni bibi anakitwanga. Likizo moja Baba akaja na wenzake wa bendi, minywele timtim, suruali za bugaluu, viatu vya raizoni vinazama mchangani. Walibeba magitaa, ngoma, betri ya gari na mashine ya kurekodia ya kuazima. Mkanda ulikuwa mmoja tu. Eti mjini kuna makelele, wanataka utulivu wa shamba.

Thubutu! Walimsahau bibi.

Baba alitupanga watoto ukutani. "Atakayekohoa atanitambua!" Nilibana kifua mpaka machozi yakanitoka. Kuku wakafungiwa, mbwa wa jirani akahongwa ugali. Gitaa likaanza kulia, tamu mpaka mwili ukanisisimka, na papo hapo nyuma ya nyumba: du, du, du. Mchi. Baba alimsihi mama yake kwa macho, kwa mikono, nusura apige magoti. Bibi hata hakumtazama. Magitaa hayashibishi mtu, ndivyo alivyosema siku zote. Basi wakaendelea hivyohivyo, na kusema kweli mchi ulikwenda sawa na ngoma. Wimbo unakaribia kuisha, adhana ya magharibi ikaingia, bibi akapaza sauti: "Nyamazisheni hayo madude! Adhana hiyo, hamna masikio?"

Baba alinuna miaka. Wimbo ukaachwa nje ya albamu, mkanda ukafungiwa sandukuni, mashine ikarudi kwa mwenyewe. Hatukuusikia tena. Bibi alifariki bila hata picha moja, maana kamera alizikimbia. Sauti yake yote iliyobaki duniani ilikuwa kwenye ule mkanda, na mkanda wenyewe ulimomonyoka kwenye mashine siku kampuni ilipounakili. Nilimuuliza kijana kuhusu nakala ambayo haijasafishwa. "Ya nini tena, mama? Tulishaifuta."

Nilitamani kumtukana. Nikachomeka flashi kwenye sabufa. Baba, siku hizi mzee wa fimbo, akasogeza kiti mpaka goti likagusa spika.

Gitaa likalia, safi kabisa. Mchi hakuna. Nikasubiri. Nikamwomba Mungu aniachie ile adhana tu, neno moja tu la bibi. Siku hizi Msimbu hata ile nyumba haipo, na kinu sijui kiliishia wapi. Wimbo ukafika mwisho, kukawa kimya, halafu ikaja sauti ya Baba, ya ujana wake, inacheka kidogo: "Naam, mama. Tunanyamaza."

Bibi anayejibiwa hayupo.

Nilimtazama Baba. Yeye ndiye aliyelalamikia ule mchi maisha yake yote. Aliinamia spika, mkono sikioni.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema. "Pengine tumempita."

Nikarudisha.