Madoa Yaliyojificha

Nilikuwa saisi. Nikisema hivyo siku hizi vijana huniuliza saisi ni nini, nami huwajibu kwamba ni mtu anayeamka kabla ya farasi ili farasi akiamka akute kila kitu tayari. Miaka ya tisini nilikaa Kisumu Ndogo, Kibera, chumba kimoja, majirani wakikaanga omena kulia na kushoto. Asubuhi nilikatiza Soko la Toi wenye mitumba wakifungua marobota, nikavuka Ngong Road, nikatembea hadi kwenye mazizi ya mwanamke mmoja wa Kizungu tuliyemwita memsahib. Nikifika kazini nilinuka samaki, nikirudi nyumbani nilinuka farasi. Majirani walisema afadhali samaki.

Nyapara wetu alikuwa mzee mmoja wa Kawangware, Mluhya, shemasi kanisani kwao. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi yote: kupiga brashi, kusafisha kwato, kumkaribia farasi ukiongea naye ili asishtuke.

"Omera," alizoea kunichokoza kwa Kijaluo changu, yaani ndugu, "nyinyi watu wa samaki, mnyama wa miguu minne mlimjulia wapi?"

"Na nyinyi je? Mnyama mnayemjua ni kuku, tena akiwa kwa sufuria."

Tulicheka hivyo kila siku, na nilimpenda. Nalisema mapema kwa sababu yanayofuata hayatafanana na mapenzi.

Mwaka mmoja memsahib alinunua farasi jike kutoka kwa mkulima aliyekuwa anahama nchi. Alikuwa mweupe mwenye madoa meusi mwili mzima, kama maharagwe yaliyomwagika juu ya ugali. Alikuja akiwa na mimba, na dume aliyempanda alikuwa na madoa vilevile. Memsahib alinionyesha kitabu chenye picha. Alisema farasi wa namna hii ni wa tangu zamani mno, watu wa kale waliwachora kwenye kuta za mapango huko Ulaya, na baadaye wakavushwa bahari kwa meli hadi Amerika. Madoa hutoka kwenye damu, alisema, baba na mama. Alinieleza mimi kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu: leta, peleka, funga; na mzee hakujua Kiingereza. Kwa hiyo kati yake na mzee, mdomo ulikuwa wangu.

Wakati huo alikuwa anapunguza farasi. Alituambia wazi kwamba jike akizaa mtoto wa madoa, ataanza kuzalisha farasi wa aina hiyo na mzee atabaki kumlea. Akizaa asiye na madoa, atauza mama na mtoto, na mzee atapumzika. Mzee alikuwa na mabinti wawili shuleni.

"Kupumzika ndiyo nini?" aliniuliza tukiwa peke yetu. "Nikipumzika, hawa watoto watakula hiyo pumziko?"

Siku chache baadaye nilikuta vijiti vimesimamishwa kuzunguka ndoo ya maji ya yule jike. Vilikuwa vimechunwa ganda hapa na pale hadi weupe wake ukaonekana, vikawa na mabaka. Nilielewa mara moja, maana hata kanisani kwetu husomwa ile hadithi ya mchungaji wa zamani aliyeweka vijiti vya namna hiyo mbele ya mifugo ikinywa maji, ikazaa watoto wa madoadoa. Nilicheka hadi nikashikwa na kwikwi.

"Mzee, kwa hiyo hadithi vijiti vinawekwa kabla ya mimba. Huyu ashabeba."

Mzee alifikiri kidogo, kisha akaenda akaongeza vijiti vingine.

Mtoto alizaliwa kukipambazuka. Tulimkuta amesimama, miguu ikitetemeka, mweusi tii, hana doa hata moja. Memsahib alikuja, akamtazama, akakunja mikono. Halafu akaona vijiti.

"Hii nini?"

Mzee alipiga magoti kwenye nyasi kavu. Hakuangalia vijiti kabisa. Alinyanyua mguu wa yule mtoto akatuonyesha ukwato, una michirizi myeusi na myeupe iliyoshuka toka juu hadi chini. Akamfungua mdomo, akatuonyesha ngozi ya midomo ina vidoa vya rangi ya waridi. Akaonyesha jicho, weupe wake unaonekana kama wa binadamu.

"Mwambie," alisema, "vijiti ni mambo yangu na Mungu wangu, hivyo aviwache. Lakini haya mengine ni kazi. Nikiwa kijana nilifanya kwa shamba kule Molo, nikaona mmoja kama huyu. Alizaliwa mweusi, na mwaka wa pili madoa yakatoka, yakianzia kiunoni. Mwambie asiuze. Yako ndani, yanangoja tu."

Memsahib alinigeukia. Nami nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mzee aliweka vijiti ili mtoto atoke na madoa.

"Ni hayo tu?" akauliza.

"Ni hayo tu."

Nimejitetea mara nyingi tangu siku ile. Nimesema niliona aibu, kwamba sikutaka yule mama adhani sote ni watu wa vijiti. Ni kweli, aibu ilikuwepo, na kwa sababu ya vijiti nikayatupa na yale ya maana. Lakini pia nilijua wazi kwamba mzee akiondoka, nyapara ni mimi. Wahenga walisema ulimi huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Memsahib alitabasamu kwa huruma, akampigapiga mzee begani. Kabla ya mwezi kuisha mama na mtoto wakauzwa. Katika wiki chache alizokaa kwetu, yule mtoto alikuwa amejikwaruza kwenye waya, akapasuka ncha ya sikio la kushoto, na mzee alimpaka dawa hadi siku ya kuchukuliwa. Kisha naye akaenda.

Kama miaka mitatu baadaye nilipeleka farasi wetu kwenye mashindano. Pale kwenye kivuli alisimama farasi mmoja mweusi, kiuno cheupe kilichojaa madoa meusi. Watu walikuwa wamemzunguka. Sikio lake la kushoto lilikuwa limepasuka ncha. Nikashika ua wa uwanja.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kawangware. Njia nzima nilipanga maneno ya kuungama. Mzee nilimkuta mlangoni akishona viatu vya watu, kwa mkono uleule uliokuwa ukishona hatamu zetu. Binti mdogo ndiye aliyebaki shuleni. Mkubwa alikuwa ameacha, anauza mboga pamoja na mama yake.

Nilimweleza habari ya farasi. Aliweka sindano chini.

"Yalianzia kiunoni?"

"Kiunoni, mzee."

Alipiga makofi, akacheka hadi machozi yakamtoka. Akatikisa kichwa. "Huyo mama! Angesikia tu. Lakini tulimwambia, omera. Si tulimwambia?"

Alinitazama akingoja. Maneno yangu yote ya njiani yalikuwa tayari mdomoni.

"Tulimwambia, mzee," nikasema.

Akageuka akamwita mkewe aliyekuwa ndani akipika chai. "Mama, usilete chai kavu, tafuta mkate. Huyu ndiye alinisemea siku ile."

Mama alituma binti dukani. Mkate ukaja, nikaula.