Maneno Yenye Mkia wa Sheni

Mwanangu, siku ile haijanitoka mpaka leo. Mimi kigori tu, nakaa Makorora na mama na bibi mzaa mama. Baba yuko Muheza kwenye mkonge. Ni miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado katukalia. Nilisoma mpaka darasa la nne, basi, wala siombi radhi. Lakini hilo darasa la nne nililivaa kama kanga mpya.

Mwalimu wetu akitupa maneno ya Kiingereza kwa mafungu, yale yanayofanana herufi za mwisho. Juma lile lilikuwa fungu la t, i, o, n. Ukiyatamka, mkia wake ni "sheni". Stesheni, resheni, kwesheni, injeksheni, operesheni. Tuliyaimba njia nzima kurudi nyumbani, tukipiga makofi.

Mama hakuyapenda. Wakati wa vita, sukari na nguo zilikuwa za resheni, za kugawiwa kwa kipimo, na kaka yake alipandia gari la moshi pale stesheni kwenda vitani, hakurudi. Basi mama akajitungia sheria yake: kila neno lenye sheni huja kuchukua kitu. Usimcheke. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Asubuhi hiyo mdogo wangu Athumani, mtoto wa miaka minane, aliamka kajikunja kwa tumbo. Tukamnywesha mvuje, dawa yetu ya tumbo, wapi! Tumbo likakaza kama ngoma. Tukambeba hospitali, mimi, mama, bibi, na jirani yetu Bi Tatu, ambaye shida ya watu haimpiti. Daktari akambonyeza, akasema na dresa wake, yule msaidizi wa kufunga vidonda, na dresa akatugeukia.

"Kidole tumbo hiki. Operesheni, leo leo. Mama, unaridhia?"

"Sheni!" Bi Tatu akajishika mdomo. "Haya tena, shoga yangu, lile lile!"

Mama akamkumbatia mtoto. "Mwanangu simtoi. Twendeni zetu nyumbani."

Mimi hapo nikaona nimepata uwanja. Nikasimama mbele ya wagonjwa na wasiougua nikayamwaga yote, stesheni, resheni, kwesheni, mpaka nikamaliza fungu. Dresa akatabasamu. Mama kila akisikia sheni akarudi nyuma, anautafuta mlango.

Bibi akanikamata sikio. "We mtoto! Mwenzio anakufa, wewe watuchezea lelemama? Nani kataka kuyasikia yanavyolia? Sema maana yake!"

Sikio likiwa bado mkononi mwake, nikaanza. "Stesheni ni mahali gari la moshi husimama, watu wakapanda na kushuka."

"Na kushuka," bibi akamwambia mama. "Mumeo hushukia wapi akija kwako? Mwanangu mimi kachukuliwa na vita, si na stesheni. Mimi niliyemzaa ndiye nakwambia."

"Injeksheni ni sindano."

"Ile iliyokukausha buba miguuni ukapata wa kukuoa." Bibi hakuwa na haya. Mama alikuwa analia, lakini hapo aliinama akaficha uso kwa aibu.

"Na operesheni?" mama akaniuliza, sauti imekwisha.

"Kazi ya daktari, mama. Wanampa dawa ya usingizi, wanampasua, wanakitoa kilichooza, wanamshona."

"Ataamka?"

Ulimi ulitaka kusema ndiyo. Bibi akanikazia macho. "Sijui, mama. Hilo hatukufundishwa. Muulize dresa."

Akamuuliza. Yule dresa akachuchumaa mbele yake, kama ndiyo kwanza anamwona. "Mama, wengi huamka. Lakini akibaki hivi, kidole hicho kitapasuka chenyewe humo ndani, na hapo hatuna la kufanya."

Mama akalegeza mikono. "Mchukueni. Naridhia."

Tukakaa kungoja. Bi Tatu akamtandikia mama kanga yake. Hata alasiri dresa akatokeza kichwa. "Kaamka. Anadai uji, na hapewi!"

Bibi akapiga kigelegele mle mle hospitalini. Akakatazwa, akapiga cha pili. Mama anacheka machozi yanamtiririka, na mimi nikakaa chini sakafuni pu! Sijapata kupumua vile tena maishani.

Basi sikiliza, mwanangu. Debe tupu haliachi kuvuma. Ukipata neno geni, la Kizungu, la hospitali au la serikali, usilipeperushe mbele ya mwenye hofu ukajiona msomi. Mpe maana yake, kwa maneno ya nyumbani kwao. Usipojua, sema sijui, umwoneshe anayejua; hakuna aliyekufa kwa hilo. Na siku hofu itakapokuwa yako wewe, uliza, tena uliza tena, hata wakuone mshamba. Mwenye kuuliza hanyimwi njia.

Mungu akupe ulimi wa kutuliza watu. Akupe na watoto, na akujaalie wao ndio wakuzike, usiwazike wewe. Amina.