Wifi Aliniita Mpumbavu Mbele ya Jumuiya, Sasa Binti Yake Yuko Mikononi Mwangu

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana huku kila mtu anafuata ukurasa huu, hata yeye mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mzaliwa wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Nimeolewa huku milimani Mbinga na nina watoto wawili. Nina hasira ya miaka mingi, na sasa nimepata pa kuitolea.

Nilipoolewa sikujua kulima ngoro, kilimo cha mashimo cha huku milimani. Kwetu tunalima mihogo: unafyeka, unachoma, unapanda. Mama mkwe alinipa shamba la mteremkoni kama wanavyopewa waolewaji wote. Nikafyeka nyasi, nikamuuliza wifi yangu, dada wa mume wangu, nizifanyeje. Akasema, "Choma tu, wifi. Majivu ni mbolea." Nikachoma. Mnaolima huku najua mmeshashika vichwa. Nyasi hizo ndizo hulazwa kwa miraba na kufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati, ndizo zinazoshikilia mlima. Mvua ilishusha shamba lote na maharage yangu hadi mtoni.

Mama mkwe alipouliza, wifi akashika kifua: "Mimi? Mimi nimwambie mtu achome nyasi za ngoro?" Hakuna aliyeniamini, hata mume wangu. Wiki hiyo hiyo jumuiya ilisali nyumbani kwake, na msomaji ni yeye. Akafungua Mithali, pale pa mwanamke mpumbavu anayeibomoa nyumba yake kwa mikono yake, akasoma taratibu huku ananitazama. Watu wakacheka chini kwa chini. Tangu hapo naitwa Mama Mithali, watoto wangu wanasikia. Shamba je? Alipewa yeye, analilima mpaka leo. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anakitaka.

Mungu si Athumani. Binti yake ameposwa, tena kijijini kwetu, ziwani! Wifi akaja kwangu na jogoo mkononi. "Wifi, mfundishe mwanao mambo ya kwenu. Yaliyopita si ndwele." Hata samahani hakuisema. Jogoo nilimchinja siku ile ile, na alikuwa mtamu.

Nikamfundisha. Kwetu bibi harusi hupewa beseni la usipa, dagaa wa ziwa letu, auanike huku wakwe wakimtazama. Usipa unatandazwa juani mara tu ukitoka majini. Mimi nikamwambia, "Ulundike kwanza, ufunike na turubai mpaka jioni ujichuje maji, ndipo uanike." Utaoza wote, na harufu itafika kwa mchungaji. Nilisema bila kupepesa macho, na nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu niingie ukoo huu.

Msinikimbilie na Maandiko, nimeyasoma. Mithali inasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, na mstari unaofuata, pale pale, inasema mjibu. Mimi nimechagua huo wa pili.

Kinachonikera ni jambo moja. Binti alipokuwa anaaga alipiga magoti akanishika mikono yote miwili. Nikamuuliza, "Huogopi wakwe watakucheka?" Akasema, "Hawawezi, anti. Nitawaambia nimefundishwa na wewe."

Huko ziwani yupo mama yangu mzazi, na ndiye aliyewahakikishia wakwe kwamba msichana anatoka mikononi mwa mwanawe, yaani mimi.

Harusi ni Jumamosi. Nikimwita binti nimwambie ukweli, atamwambia mama yake, na wifi atapata sura nyingine ya kunisomea mbele ya watu. Nikinyamaza, mama yangu ataaibika uzeeni, na yule mtoto ataanza ndoa kama nilivyoanza mimi. Kusamehe sitaki, hilo msilete hapa. Nataka aumie mama mtu, na njia niliyonayo inapita kwa mwanawe na kwa mama yangu. Nishaurini jamani. Nipeni njia nyingine.