Njoo Unishikie Mizani

Nesi wa kliniki yetu ya watoto husugua viganja vipate joto kabla hajamgusa mtoto, huku akitutania: "Mnene hivi, baba yake anabakiziwa chakula kweli?" Wiki iliyopita binti wa jirani yangu alisimama mlangoni ameinama, jasho linamtoka, anataka kugeuka. Nesi akamwita, "Mwanangu, njoo unishikie mizani," akampitisha nyuma ya pazia. Nilikuwa karibu, nikasikia: "Mimba uliitoa kwa kutumia nini? Siulizi nikuseme, nauliza nikutibu. Umewahi, utapona. Ila urudi nikuangalie." Nikaanza kumwimbia mwanangu kwa sauti, wengine wasisikie.

Leo binti karudi, mgongo umenyooka. Alipomaliza kuangaliwa akaishika mizani kweli, mwanangu akining'inia humo anarusha miguu, na nesi akasugua viganja.