Mtungi wa Mama

Wifi yangu, mke wa kaka, analipwa mshahara kwa kulea samaki, nami nimemtania kwa hilo tangu alipoolewa. Tena si samaki wa kukaanga. Ni visamaki vya urefu wa kidole, rangi ya tope, na dume hujipaka njano tumboni pale tu anapotaka mke. Waliishi katika chemchemi moja basi, hadi wajuaji fulani walipomwaga humo samaki wakubwa wa kufugwa, nao wakawafagia. Waliosalia wote walitunzwa kituoni anakofanya kazi. Paa la kituo lilipobomolewa ili litengenezwe, akawaleta nyumbani tunakoishi pamoja, akawaweka kwenye hodhi letu la kuogea. Sisi tukawa tunaoga kwa ndoo.

Ndipo Mama yangu akaja kututembelea. Mama hana simile na uchafu, na hodhi lenye maji ya kijani lilimnyima raha. Wifi alimweleza kwamba ukijani ule ndio afya ya samaki, naye akaitikia, "Sawa, mwanangu," kwa ile sauti yake ambayo maana yake si sawa.

Wifi alipokwenda kazini, Mama aliwaopoa samaki kwa chujio la chai, akalisugua hodhi, akalijaza maji ya bomba na kuwarudisha. Mimi niliporudi kutoka sokoni nilikutana na wifi mlangoni, tukaingia pamoja. Mama alikuwa amesimama bafuni akisubiri kushukuriwa.

Samaki walikuwa wamepanda juu, midomo ikifunguka na kufungika, na wengine tayari wamelala ubavu. Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu. Sisi haitudhuru, lakini wao huwachoma matamvua wanayopumulia. Ndiyo sababu wifi huyaacha maji wazi kwenye mapipa uani mpaka dawa iishe. Aliyakimbilia mapipa yake. Yalikuwa yamepinduliwa, safi, yanang'aa. Mama aliyaona maji yaliyolala, akayadekia sakafu.

Wifi alirudi bafuni mikono mitupu. Nikasema tuwatoe. Akaniuliza tuwapeleke wapi.

Mama, ambaye bado hakuelewa, alimwonyesha samaki mmoja pembeni mwenye mashavu yaliyovimba. Akasema huyo ndiye mgonjwa, tangu jana amesusa chakula, pengine ndiye aliyewaambukiza wenzake.

"Si mgonjwa, Mama," wifi alisema bila kugeuka. "Ana watoto mdomoni. Hali chochote mpaka waweze kuogelea wenyewe. Akizidiwa atawatema, na akiwatema humu wamekufa."

Mama akainama kumtazama yule samaki. Halafu akauliza polepole kama dawa hiyo ndiyo ile inayonuka kwenye maji ya bomba. Wifi akasema ndiyo hiyo.

"Mimi hayo siyanywi," Mama alisema. "Nayaacha kwanza yatoke harufu."

Alitoka, akarudi amekumbatia mtungi wake wa maji ya kunywa, ambao tangu afike hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Wifi aliyanusa maji, akayamimina kwenye sufuria kubwa. Mtungi hupoza, kwa hiyo akapasha kidogo jikoni na kuchanganya, akipima kwa kifundo cha mkono kama maji ya mtoto mchanga. Nilitamani kumwambia aharakishe, nikaenda kumletea bakuli. Yule jike mwenye watoto alimchota kwa bakuli, taratibu, kisha wengine.

Wengi walikufa. Mama ndiye aliyewaokota, mmoja mmoja, akawaweka kwenye kitambaa. Wifi alisema waliobaki wanaweza kuanza upya, kisha akalia mbele yetu bila kuficha uso. Mama alichuchumaa kando ya sufuria. Hakuomba radhi, maana hajui kuomba radhi, lakini hakubanduka pale. Jike alikuwa bado amefumba mdomo. Kabla ya magharibi akaufungua, na vitu vidogo kama ufuta wenye macho vikatoka, vikazunguka kidogo. Kivuli cha Mama kilipoangukia maji, vyote vikarudi mdomoni. Mama akajivuta nyuma haraka.

Wakati wa chakula alikinga glasi kwenye bomba, akanywa yote uso ukiwa umemkunjamana. Wifi akamwambia mtungini yamebaki kidogo, amletee.

"Hayo muwekee mzazi," Mama alisema, akakinga glasi nyingine.