Kopo la Nyar Karungu

Mtu aliyeacha shule darasa la tano, akaanza na beseni moja la omena, wale dagaa wa ziwani, pale Sori, na leo ana malori matatu na kituo cha kupiga picha za wagonjwa mjini Homa Bay, hashtushwi na kitu. Ndivyo nimekuwa nikiwaambia kwenye safu hii, na hamjanibishia. Wiki jana nikiwa Migori, simu ikalia: yule mama aliyekuwa akiendesha mashine yangu ya MRI, ile ya picha za ubongo, ameaga dunia kwao Karungu. Malaria ilimzidi. Nilikaa ndani ya gari, injini inanguruma, nisijue nilikuwa naenda wapi.

Tulimwita Nyar Karungu, binti wa Karungu, na hakuwa mpole. Alicheka hadi wagonjwa wakacheka bila kujua kwa nini. Kila Jumatatu, kabla ya mgonjwa wa kwanza, alilaza kwenye mashine kopo la plastiki lililojaa maji, ndani yake vijiti vimepangwa kama matundu ya wavu, kila nafasi ikijulikana kipimo chake. Akishapiga picha, alizipima upya nafasi zile kwenye kompyuta. Zikiwa zimevutika, basi mashine inapotosha, na kichwa cha mtu nacho kitapotoshwa vivyo hivyo. Mimi niliona foleni tu. "Kwani kopo linalipa?" nikamwuliza. "Jaduong'," akanijibu, akiniita mzee kwa Kijaluo kwa ile heshima yake ya kuchokoza, "ukienda Remba kununua samaki, si ulikuwa unabeba chuma chako cha kilo mbili, ujaribu kwanza mizani ya watu? Hiki ndicho chuma changu." Wafanyakazi wakaangua kicheko. Sipendi kuchekwa.

Jumatatu moja akafunga mashine. Mistari ya vijiti ilikuwa imepinda pembeni mwa picha, na mvuvi mmoja alikuwa anangoja picha ambayo daktari wa Kisumu angeifuata kupitisha sindano hadi kwenye uvimbe ndani ya ubongo. "Huyu hapigwi picha hapa leo," akasema. Nikapaza sauti mbele ya watu: "Mashine ni ya nani?"

"Mashine ni yako, Jaduong'. Kichwa ni cha huyu."

Nikamfukuza hapo hapo. Akamwambia mvuvi atafute mashine nyingine, akatia kopo lake kwapani, akaenda.

Juzi nilifika mazishini Karungu na fahali, hotuba tayari mdomoni. Kabla sijaitwa, yule mvuvi akasimama, kovu dogo kichwani, akasema anavuta nyavu tena kwa sababu ya marehemu. Nilipopewa kipaza sauti nilikirudisha, mimi ambaye sijawahi kukataa kipaza sauti. Maana siku ile ile nilipomfukuza, niliita fundi kutoka Nairobi athibitishe kwamba mama yule ni mwongo. Fundi akapima, akakuta mistari imepinda kweli, akairekebisha. Ningeweza kupiga simu Karungu jioni hiyo. Nilingoja aje mwenyewe kuomba kazi. Sisi tuliotajirika kwa kutoamini mizani ya wengine hatupendi kabisa mizani yetu iguswe, na hapo ndipo tunapoumiza watu. Fundi nilimlipa taslimu, bila kubishana, na hiyo ndiyo bei niliyomfukuzia Nyar Karungu: shilingi elfu thelathini na nane, mia tano.