Sweta za Nchi ya Joto

Mama yangu huniita awa, yaani baba yangu. Kwetu mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la baba wa mama yake, na akishapewa jina hupewa pia heshima inayofuatana nalo. Kaka yangu aliitwa kijana yangu, kama vijana wa akina mama wengine wote, akafokewa na kutumwa maji. Mimi tangu nikitambaa nilikuwa baba wa mama yangu. Akinipa chai alinipa kwa mikono miwili. Na kwa kuwa babu alikuwa mzee aliyeitwa kuamua kesi za mipaka ya mashamba, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo, basi na mimi nikahesabiwa kuwa mtu asiyejua kudanganya. Sikufanya lolote kustahili sifa hiyo. Niliirithi tu, kama wengine wanavyorithi upara.

Siku hizi naendesha ndege ya abiria. Nina kofia na mistari begani, na huwatakia watu safari njema kwa sauti ambayo mke wangu anasema si yangu, nimeiazima mahali. Lakini kabla ya hapo nilikuwa mwanajeshi, na vita vilipoanza ng'ambo ya mpaka kazi yangu ilikuwa kuangusha mabomu. Sitaki kulizungusha neno hilo. Kambini tulikuwa na maneno mengi ya kulizungusha, na niliyatumia yote.

Mama alisikia habari za vita kwenye redio, akanipigia simu. Nilikuwa nimesimama nje ya chumba cha kulia na kikombe mkononi.

"Awa, ni ukweli mmepelekwa kule?"

"Ni ukweli, maitu."

"Na wewe unabeba nini kwa hiyo ndege?"

"Chakula," nikasema.

Lilitoka hivyo, bila kupangwa. Nilitaka alale. Na kama walivyo waongo wote, nikaongeza nisichoulizwa: nikamwambia chakula chenyewe si cha wanajeshi tu, kuna watoto huko wana njaa. Nikamsikia akishusha pumzi. Akasema Mungu asifiwe, hata baba yake alilisha watu wakati wa njaa.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilifika hadi mlangoni kwangu. Nilipopata likizo nilirudi nyumbani Gatongora, pale Ruiru, kwenye nyumba ambayo tulikuwa tumehamia kabla haijapigwa dari. Asubuhi moja pikapu ikasimama langoni. Mama alikuwa mbele na dereva. Nyuma, juu ya mizigo, walikaa akina mama wa kanisa lao la kule Thika, vitambaa vichwani, wakiimba. Walikuwa wamechanga maharagwe na unga kwa ajili ya watoto wangu wenye njaa. Na walikuwa wamefuma sweta, magunia mawili yaliyojaa mpaka yakashindwa kufungwa.

"Maitu, kule kuna joto," nikasema. "Joto kali sana."

Mwenyekiti wao, mama wa sauti kubwa anayeuza maparachichi sokoni Thika, alinicheka mbele ya mke wangu. "Hata Thika kuna joto, na watoto yetu wanaenda shule na sweta asubuhi. Wewe ni mwanaume, unajua nini ya baridi ya mtoto?"

Kisha wakaniombea. Walinipigisha magoti kwenye zulia la sebuleni, wakaweka mikono yao juu ya mikono yangu, mmoja juu ya mwingine, wa mama ukiwa wa kwanza. Mwenyekiti akaomba: Bwana, bariki hii mikono inalisha watoto. Wote wakasema amina. Nami nikasema amina, tena kwa sauti. Ule uongo wa simu ninaweza kuutetea kidogo. Ile amina siwezi kuitetea popote.

Ndege yangu ilikuwa na kiti kimoja. Haikuwa na nafasi ya kilo moja ya maharagwe, sembuse magunia. Maharagwe na unga nilivipeleka katika makao ya watoto yatima upande wa Githurai 45, nikapewa soda, nikajisikia mtu mwema hadi jioni. Sweta sikuthubutu kuzigawa. Mama humaliza kila mkono wa sweta kwa mstari mwembamba wa manjano, na kila mmoja wa wale akina mama ana alama yake. Wanauza na kununua kuanzia Thika hadi Githurai. Mmoja angeona kazi yake ikipita sokoni mgongoni mwa mtoto, angemshika bega na kuuliza ameitoa wapi. Nikazisukuma stoo, nyuma ya mikebe ya rangi, nikarudi kazini.

Watu hudhani rubani wa mabomu haoni kitu. Wakati wenyewe ni kweli haoni, yuko juu sana na ana haraka. Huona baadaye, kwenye video, akiwa amekaa kitini na wenzake. Kuna boma moja tuliloambiwa ni ghala la silaha. Lilikuwa na nyumba ya mabati, tangi la maji na migunga michache. Vumbi lilipotulia nyumba haikuwapo. Lakini upande wa mbali, kati ya miti miwili, kulikuwa na kamba ya nguo, na nguo zilikuwa bado zimeanikwa. Zilikuwa ndogo. Ofisa aliyekuwa akitueleza alisimamisha picha papo hapo, akasifu jinsi bomu lilivyotua palipotakiwa. Hakuna aliyetaja nguo. Mimi pia sikuzitaja. Labda wenye nguo walikuwa wameenda kuteka maji. Nimewapeleka kuteka maji mara nyingi mno kichwani mwangu, na hawajawahi kurudi.

Nilipomaliza mkataba wangu jeshini nilichukuliwa na shirika la ndege. Naipenda kazi hii kwa sababu inachosha kwa njia ya kawaida. Kuna kahawa mbaya, kuna abiria anayegombania dirisha, kuna watoto wanaolia tukianza kushuka. Wenzangu huudhika watoto wakilia. Mimi hufungua mlango kidogo nisikie. Tukifika husimama mlangoni kuwaaga watu, na wanaponiambia asante kapteni, huwa naangalia viatu vyao.

Mke wangu anajua yote. Kila tukisafisha stoo huuliza magunia yale yatatoka lini, na kila mara namwambia mwezi ujao.

"Kikulacho ki nguoni mwako," aliniambia mara moja, akiyapiga teke. "Wewe unaogopa mama yako kuliko ulivyoogopa kupigwa risasi huko."

Ni kweli. Risasi haikuwahi kuniita baba.

Mwaka huu kanisa la mama limemaliza kujenga ukumbi mpya. Jumapili ya kuufungua, kila kikundi kilitakiwa kusimama na kueleza jambo moja ambalo Mungu amekitendea. Akina mama wakachagua sweta, na msemaji akawa mama yangu. Akanipigia simu akiwa na furaha ya msichana. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi napeleka abiria katika nchi ile ile ya ng'ambo.

"Niletee picha moja tu, awa. Mtoto mmoja amevaa. Pastor ataweka kwa ile screen kubwa watu waone."

Nikasema nitajaribu. Jicho lake la kushoto limefifia na la kulia limeanza, na nilijua haombi picha kwa ajili ya pastor peke yake.

Nilitoa sweta moja guniani, nikaiweka kwenye begi langu la kazi. Nilijiambia nitampa mtu yeyote kule, basi. Mara mbili nilienda nayo na kurudi nayo. Mara ya tatu tulicheleweshwa uwanjani kule, abiria wakiwa tayari wamekaa na hewa ya ubaridi ikivuma ndani. Mhudumu akaja kwangu. "Kapteni, kuna katoto huko nyuma kanatetemeka, na blanketi zimeisha."

Nilienda mwenyewe. Alikuwa msichana wa miaka mitatu au minne, amejikunyata mapajani kwa mama yake. Sweta ilimkaa kana kwamba alipimwa. Nilimwambia mama yule kwamba imefumwa na mama yangu, nikamwomba ruhusa ya kupiga picha ili nimwonyeshe. Alijua Kiswahili kidogo. Akamgeuza mtoto uso, akamfuta kamasi kwa mtandio wake, akasema, "Mwambie mama Mungu amlipe."

Kwa hiyo nikawa na picha. Na ilikuwa picha ya kweli: mtoto wa huko, baridi ya kweli, sweta ya mama yangu, shukrani kutoka kinywani mwa mwenyewe. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilirusha ndege nikijisikia mwizi, kwa sababu kwa picha ile moja uongo wangu wote ungesimama kanisani na kupigiwa makofi.

"Mwonyeshe, uongo ukamilike," mke wangu alisema, "ama mwambie ukweli. Lakini usirudi hapa na maneno nusu nusu."

Jumamosi, siku moja kabla ya ibada, niliendesha gari hadi kwa mama, ng'ambo ya mji wa Thika. Nilipopita mashamba ya mananasi nilikuwa nimeamua: namwonyesha picha, nakunywa chai, narudi Ruiru. Ni mzee. Ana haki ya kufurahi. Nilijiona hata mwenye huruma.

Nilimkuta nje ya jikoni akifuma. Siku hizi hufuma kwa vidole, macho akiyapumzisha kwenye ua. Akanipa chai kwa mikono miwili, akaipokea simu, akaisogeza karibu na lile jicho lililobaki.

"Hii ni kazi yangu! Ona laini ya manjano." Akacheka, akamshukuru Mungu, akaupapasa uso wa mtoto kwa kidole hadi picha ikapotea, ikabidi niirudishe. Kisha akaiinamia tena.

"Lakini huyu ni mdogo, awa."

"Eeh?"

"Huyu ni wa miaka kama tatu, nne. Sisi tulipeana sweta kitambo. Kijana yako hata hakuwa ameanza shule, na saa hii ananyoa ndevu. Huyu mtoto hakuwa amezaliwa."

Maisha yangu yote nimepiga hesabu za mafuta, upepo na mwendo, na hii sikuipiga. Mwanamke yeyote katika kanisa lile angeiona mara tu picha ingetokea. Mama ndiye aliyenitafutia jibu.

"Aa! Alipewa ya ndugu yake. Mwenyewe alikua, ikamkaa ndogo." Akaridhika kabisa. Hakuwa na njia ya kunishuku. Ingekuwa kumshuku baba yake. "Nimekuwa nikifikiria hao watoto. Mtoto hukua hata kukiwa na vita. Ndiyo nikashona hii."

Akainua ile kazi iliyokuwa mapajani mwake. Ilikuwa sweta kubwa, ya mtu mzima karibu, mikono bado haijaunganishwa.

"Hii ni ya mkubwa wao. Simama nipime. Lazima amekufikia hapa."

Akainuka kwa shida, akanibandika sweta kifuani, akaanza kuinyoosha mabegani kwa viganja vyake. Nilikuwa nimezungukwa na harufu ya uzi mpya na moshi wa kuni, na nikaona wazi kwamba nikinyamaza ataendelea kuwafumia, kila mwaka kubwa kidogo, mpaka afe.

"Hawakukua, maitu."

"Nini?"

"Hawakukua."

Mikono yake ilibaki mabegani mwangu. Halafu akaniuliza swali lile lile la siku ile ya simu, karibu kwa maneno yale yale. "Na wewe ulikuwa unabeba nini kwa hiyo ndege?"

"Mabomu."

Nikamweleza yote. Nikamweleza maharagwe yalikoenda, na stoo, na boma, na kamba ya nguo, na kwamba hadi leo sijui wenye nguo walikuwa wapi. Alikuwa ameketi tena. Aliuliza jambo moja tu.

"Hizo nguo zilikuwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Akaitazama nafasi iliyokuwa katikati ya mikono yangu kwa muda mrefu, kwa lile jicho lake moja, hadi mikono ikaanza kuniuma na bado sikuthubutu kuishusha.

Kisha akakunja sweta, akachomeka sindano kwenye bunda la uzi. Nilingoja anikemee. Nilitaka anitajie babu, aniambie nimemharibia jina. Hakumtaja.

"Kesho nitasimama," akasema. "Nitawaambia sweta hazikufika."

Akachukua kikombe changu, akamwaga chai iliyopoa, akamimina nyingine kutoka kwenye chupa. Akaninyooshea kwa mkono mmoja.

"Kunywa chai, kijana yangu."